Mtunza Stoo na Kompyuta ya Ushirika

Songea miaka ile, ukitaka kuingiziwa toleo jipya la programu kwenye kompyuta yako, ulihitaji vitu vitatu: umeme, sidii, na watu wawili wa kushuhudia. Umeme ulikuja kwa zamu. Sidii ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa kwenye gazeti na kukabidhiwa kondakta. Mashahidi ulijitafutia mwenyewe, kwa sababu mtu pekee aliyeijua kazi hiyo vizuri hakukubali kufuta toleo la zamani la kitu chochote bila kamati.

Nasema kamati na sitanii. Alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika kwa miaka mingi, kabla soko huria halijaingia na ushirika kwenda na maji. Kule stoo kulikuwa na sheria moja aliyoishika kuliko alivyoishika mifungo ya Kwaresima: mali haitoki kitabuni kwa sababu tu imechakaa. Inatoka baada ya kamati ya watu watatu kukaa, kuiona kwa macho, kukubaliana kwamba haifai tena, na kutia sahihi. Jembe lilikuwa hivyo, gunia lilikuwa hivyo, na sasa programu ya kuandikia barua nayo ikawa hivyo. Mwenye kompyuta alikuwa mmoja, mashahidi wawili, jumla watatu. Yeye hakuhesabiwa. Mtunza stoo hakai kwenye kamati inayojadili mali iliyo mikononi mwake; anatoka nje na kusubiri kuitwa.

Ndiyo maana kulikuwa na siku, pale kwenye stesheneri ya karibu na soko, ambapo mama mwenye stesheneri, mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo, na muuza mitumba wa mlango wa pili walisimama mbele ya kioo cha kompyuta wakijadiliana kama programu imechakaa au bado. Mzee wa watu yuko barazani, mikono nyuma, anatazama baiskeli zikipita. Mama Stesheneri alishazoea. Aliwaambia wenzake waseme imechakaa na watie sahihi upesi, maana umeme wa zamu ile ulikuwa unakatika saa sita.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kompyuta tatu. Nilikuwa mwalimu mgeni, nimeletwa Songea na barua ya uhamisho, na shule yetu ilikuwa imepewa kompyuta tatu na wafadhili watatu ambao inaonekana hawakuwahi kuzungumza. Moja ilikuwa na mfumo wa zamani wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ya pili ilikuwa na mfumo wa madirisha. Ya tatu iliwekewa mfumo wa bure na kijana mmoja wa Ulaya aliyejitolea kutufundisha, kisha akarudi kwao kabla hajamfundisha mtu. Mkuu wa shule alinikabidhi zote tatu kwa sababu sikuwa na shamba la kukimbilia jioni. Nilipouliza nani atanisaidia, kila mtu alisema jina moja, na halikuwa jina: Mtunza Stoo.

Alikuja amevaa koti la kaki la mifuko minne, lile lile la kazini, na kila mfuko ulikuwa na peni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akazitazama zile mashine moja baada ya nyingine, akaniuliza hati ya kupokelea iko wapi. Nikasema hakuna, ni msaada. Akageuka akaenda zake. Hakurudi mpaka mkuu wa shule alipoandika hati, akaigonga muhuri na kumpelekea nakala mkononi.

Nilimwona kituko, sifichi. Nilikuwa kijana wa haraka, napenda kitu kiingie nikitumie. Lakini pole pole nikaelewa alikoupata ule ugumu, na nikaelewa pia kwamba haukuwa wa kuchekwa wote.

Kompyuta ya kwanza aliyoishika ililetwa ushirika na wafadhili, ikakaa stoo ndani ya boksi kwa muda mrefu kwa sababu meneja aliiogopa. Yeye hakuweza kutunza kitu asichoweza kukieleza. Akafungua boksi, akasoma kitabu chake chote kwa msaada wa kamusi, akaiwasha. Hivyo ndivyo Songea ilivyopata fundi. Kisha wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na malori yao, ushirika ukalegea, na siku moja watumishi wakaambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa. Hawakuitwa. Yeye alibaki stoo na daftari lake akisubiri mtu wa kupokea makabidhiano, na wakati anasubiri akaona meza zinaondoka, mizani inaondoka, hata mlango wa choo ukaondoka. Akaipakia ile kompyuta kwenye baiskeli, akaisukuma hadi kwake Mshangano, na nyuma akabandika mlangoni karatasi iliyosema mali hiyo ipo wapi na kwa nani. Karatasi ilinyeshewa mvua ikachanika. Kilichobaki ni maneno ya watu, kwamba kompyuta ya ushirika ameichukua mtunza stoo.

Tangu hapo mzee alikuwa na haja moja tu: mtu mwenye mamlaka aipokee ile mashine na kutia sahihi, ili jina lake lisafike. Aliandika barua kwa kila ofisi iliyorithi chochote cha ushirika. Nakala zake nilizisoma. Zilikuwa za adabu, na kila mwaka zilikuwa fupi zaidi.

Na hapa ndipo palipokuwa na kichekesho chake kikubwa. Mtu huyu alipandisha matoleo ya kompyuta za mji mzima, kuanzia za shule hadi za wafanyabiashara wa madini waliopita wakielekea Tunduru, lakini ile iliyokuwa sebuleni kwake haikuguswa. Ilikaa mezani imefunikwa kitambaa kilichofumwa na mkewe. Kila Jumamosi aliiwasha dakika tano, akahakikisha inaamka, akaizima. Hakuongeza kitu wala hakupunguza. Niliwahi kumwambia aiwekee walau programu mpya ya kuandikia, aandikie barua zake badala ya kuumiza vidole na peni. Alinitazama kana kwamba nimemwomba tuchome mahindi ya mbegu. Mkewe, mama mcheshi aliyekuwa amekinai, alisema nyumba yake ina mgeni asiyekula na asiyeondoka.

Kazini alikuwa na maoni yake juu ya kila mfumo, na maoni hayo hayakulingana na ya mtu mwingine yeyote.

Mfumo wa zamani aliuheshimu. Programu yake ilikuja kwenye disketi kumi na moja, unaziingiza kwa mpangilio, na ya saba ilikuwa na tabia ya kugoma. Yeye aliiona haki yake kugoma. Aliitoa, akaipuliza, akairudisha, na kwenye fomu ya kamati aliandika "ya saba imeingia baada ya kubembelezwa."

Mfumo wa madirisha ulimtesa kwa jambo ambalo sisi wengine hatukulijua kuwa lipo. Kabla ya kuanza, ulileta maandishi marefu ya Kiingereza na kuuliza kama unakubali. Dunia nzima inabonyeza kukubali. Yeye alivuta kiti, akatoa kamusi, akasoma mkataba. Alisema hajawahi kutia sahihi kitu asichokisoma na hataanza uzeeni. Siku ya kwanza kwetu shuleni, umeme wa zamu ya asubuhi ulikwisha yeye akiwa kipengele cha nne. Siku ya pili alianza tena kutoka cha kwanza. Siku ya tatu alikubali, lakini kwa masharti, akayaandika nyuma ya fomu na kunipa nakala.

Sidii zenyewe zilikuwa jambo jingine. Mji wote ulitumia nakala za kudurufu kutoka Kariakoo na kila mtu alijua. Yeye pia alijua, na hapo ugumu wake wote ulipata mlango wa uani. Hakukataa kuzitumia. Aliandika tu, kwa mwandiko mzuri uliolala upande mmoja: "Imepokelewa kutoka Kariakoo, mletaji hajulikani." Baada ya hapo dhamiri yake ilikuwa shwari, akanywa chai yetu yenye sukari vijiko sita.

Mfumo wa bure ulitutoa jasho sisi sote. Unaingiza programu, inakuambia haiwezi kuingia mpaka nyingine iwepo. Unaitafuta hiyo, nayo inataka ya tatu. Ya tatu inataka toleo jipya la ile ya kwanza. Na kuzitafuta maana yake ni kupiga simu Dar es Salaam, mtu azishushe kwenye mtandao, azichome kwenye sidii, aende nazo stendi, nasi tusubiri basi. Kisha sidii inafika na imepungukiwa moja. Nilitukana mfumo ule kwa lugha zote nilizojua. Yeye alikaa mbele yake ametulia kama yuko kwenye posa, mahali ambapo mjomba hasemi neno mpaka shangazi afike, na shangazi akifika anauliza baba mkubwa yuko wapi. Aliupenda kuliko yote. Alisema huu angalau una ukoo.

Uliomwudhi ni ule rahisi. Njia ya kwenda Peramiho aliishi daktari mmoja mgeni aliyekuwa na kompyuta ya alama ya tufaha, pengine ya pekee wilayani. Alituita tumwekee programu ya kamusi. Mtunza Stoo akaja na fomu, mke wa daktari na mpishi wakawa mashahidi, kiti kikavutwa. Daktari akachukua picha ndogo kwa kipanya, akaiburuta ndani ya folda, akaiachia. Basi. Mzee aliendelea kukitazama kioo, anangoja kuulizwa swali. Akauliza kama imeingia. Akaambiwa imeingia. Tulirudi mjini kwa miguu sehemu kubwa ya njia, na tulipokaribia Mshangano akaniambia hawezi kulala katika nyumba isiyo na komeo.

Mara moja tuligombana. Toleo jipya la programu tuliyowekea majina na alama za wanafunzi lilikuwa limefika, mashahidi wangu wawili wamekwenda msibani, na umeme ulikuwepo. Nikafuta la zamani mwenyewe, nikaingiza jipya. Habari zilimfikia kabla ya saa kumi. Akaja na sanduku la disketi zote za matoleo yaliyopita, akakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, anasubiri maafa yatokee ili aniokoe. Nikafungua majina ya kidato cha kwanza. Yapo. Ya cha pili yapo. Ya cha tatu na cha nne yapo yote, na alama zake. Sijawahi kumwona mtu akisikitishwa hivyo na habari njema. Alifunga sanduku lake, akasema bahati si utaratibu, na kwa wiki mbili aliniitikia marahaba bila kusimama.

Nilimcheka kwa hilo miezi mingi. Niliacha kucheka siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani.

Tulikuwa wengi uani, chakula kimeandaliwa, pombe ya komoni inazunguka. Mtu mmoja aliyekwisha changamka akamwuliza kwa sauti ya kusikika meza zote kama kompyuta yetu haijambo. Watu wakacheka. Hawakuwa na ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka wakishiba. Yeye alikuwa ameshika sahani. Akaiweka chini, akamshukuru mwenye shughuli, akaondoka kwa miguu na chakula chake hakijaguswa. Karibu yangu alikaa mzee mmoja mkulima kutoka Maposeni, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha kijiji chake enzi za ushirika. Huyo ndiye aliyeiona ile karatasi mlangoni kwa macho yake kabla mvua haijainyeshea. Hakucheka, lakini hakusema pia. Aliendelea kula, ameinama. Mimi nami sikusema. Nilimwonea uchungu mzee wangu siku ile mpaka nikakosa hamu ya chakula, na bado sikufungua mdomo.

Baadaye barua nyingine ya uhamisho ilinitoa Songea. Tukaandikiana, kisha tukapungukiwa na barua kama ilivyo kawaida.

Nilirudi baada ya miaka mingi, kwenye harusi ya mwanafunzi wangu. Umeme haukuwa wa zamu tena. Nilikwenda Mshangano kabla hata sijaenda kwa wenye harusi. Alikuwa amepungua sana, koti la kaki limebaki na ukubwa wake. Nikamwamkia, akanishika mkono muda mrefu. Tukiwa tumekaa, simu yangu ikalia na kuonyesha ujumbe. Akaniuliza inasema nini. Nikamweleza kwamba imejiingizia toleo jipya yenyewe, nikiwa kwenye basi.

Akataka kujua nani aliyefuta la zamani. Nikasema limejifuta. Na mimi nilikuwa wapi? Nikasema nilikuwa nimelala. Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaleta maji. Alisema sasa ameelewa kwa nini mwaka wa ngapi huu haitwi popote. Halafu akaacha kucheka, akaniomba nisiondoke kesho yake asubuhi. Alikuwa akimsubiri mtu wa tatu.

Akanieleza. Ofisi ya mwisho aliyoandikia ilimjibu kwa mdomo: ushirika ule haumo kwenye kitabu cha mtu yeyote, na huu mpya ulioundwa baadaye hautambui mali ya ule. Mwenye mali hayupo. Alikaa na jibu hilo muda mrefu, mpaka akakumbuka kwamba ushirika haukuwa wa meneja wala wa ofisi. Ulikuwa wa wakulima, na mwenyekiti wa Maposeni bado yu hai. Mama Stesheneri alikuwa amekaa kwenye kamati nyingi kuliko mtu yeyote mjini. Alikosa mtaalamu wa kompyuta, na hakutaka mtaalamu wa kuokota; alinisubiri mimi.

"Umri wangu ni wa kuondoka, Mwalimu," akasema. "Sitaki wanangu warithi ile mashine waambiwe ni watoto wa mwizi."

Asubuhi tulikutana sebuleni kwake, watu watatu wazima. Mwenyekiti alitembea kwa fimbo. Mama Stesheneri alivaa kama anakwenda misa. Mzee akatukabidhi hati ya kupokelea ya siku ile boksi lilipofika ushirika, yenye orodha ya kila kilichokuwemo, akatoka nje, akachukua kigoda na kukigeuzia barabarani ili asituone.

Nikaiwasha. Ilichukua muda wake, ikaguna, kisha maandishi meupe yakatokea. Nikaisoma orodha na kuilinganisha: programu saba kwenye karatasi, programu saba ndani. Mwenyekiti akaniuliza kama inawezekana kujua iwapo mtu ameitumia kwa mambo yake. Nikatafuta kila pembe. Hapakuwa na barua, hapakuwa na mchezo wa karata, hapakuwa na kitu chochote. Mtu aliyeweza kuingiza lolote kwenye kompyuta yoyote Songea alikaa na hii nyumba moja miaka yote hiyo na hakujiwekea hata kitu kimoja. Mama Stesheneri akajifuta macho kwa pembe ya khanga. Tukaandika kwamba imechakaa, tukatia sahihi, nikatoka kumwita.

Akatazama saa yake.

"Dakika kumi na mbili," akasema. "Kamati haijakaa. Nakujua wewe na haraka zako. Rudini."

Karatasi hakuipokea. Nikarudi ndani na aibu yangu. Mkewe akatuletea chai na magimbi, tukakaa. Hapakuwa na kitu kingine cha kukagua, kwa hiyo tukaanza kumzungumza yeye. Mama Stesheneri akakumbuka muuza mitumba aliyetia sahihi kamati tano na hajui kuwasha kompyuta. Mimi nikasimulia alivyosubiri maafa yangu kwenye benchi. Tulicheka sana, naye bila shaka alitusikia. Kisha Mwenyekiti akaweka kikombe chini, akasimama, akageukia dirishani na kusema kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji. Alisema aliiona ile karatasi mlangoni. Alisema kwenye kipaimara alipaswa kusimama aseme, na alikaa akala, na jambo hilo limemkaa kooni tangu siku hiyo. Nje, mgongo wa koti la kaki haukugeuka.

Mwenyekiti akaagiza niongeze maneno kwenye nafasi ya maelezo, nami nikaandika kama alivyosema: Mali yote imekutwa kama ilivyopokelewa. Mtunza stoo hadaiwi kitu.

Ilikuwa imepita zaidi ya saa nzima tulipomwita. Aliingia, akaipokea karatasi, akaisoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Akaisoma tena. Alipofika kwenye mstari wa Mwenyekiti niliangalia sakafu kwa sababu nilikuwa nalia. Akachomoa peni, akatia sahihi mahali pake, taratibu, herufi zote. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Sikuwahi kuliona shati lake kabla ya siku ile.

"Basi," akasema. "Leo nimestaafu."

Mkewe hakungoja kamati nyingine. Alikuwa ameshachomoa nyaya za ile kompyuta, anamwambia Mwenyekiti ashike upande wa pili.